Jibu la mtaalamu: Kuunganisha chombo cha kupima data na seva ya barua pepe bila kuvuruga kazi ya ofisi

Swali. Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Tanga, jirani na bandari. Maagizo ya wateja wetu, ya mkonge unaosafirishwa na ya mizigo inayoingia, huja kwa barua pepe katika anwani moja ya ofisi. Kila usiku programu husoma barua hizo, huchota namba za kontena, idadi ya robota, uzito na tarehe, kisha huziandika katika kanzidata. Tumenunua chombo cha kupima data kinacholinganisha pande mbili kwa maulizo ya SQL, lugha ya kuuliza kanzidata. Upande wa kanzidata umekubali, lakini upande wa seva ya barua pepe umetushinda. Tulipojaribu kuuunganisha, asubuhi yake makarani walikuta barua zote zinaonekana zimeshasomwa, na wateja kadhaa hawakujibiwa siku ile. Je, njia sahihi ni ipi, na tutajuaje kwamba tunachokipima ni cha kweli?

Jibu. Marahaba, na poleni kwa asubuhi hiyo. Nitaanza na jambo lililowasumbua makarani, kwa sababu humo ndimo limo jibu la sehemu kubwa ya swali lako.

Itifaki ya IMAP, ambayo ndiyo programu nyingi huitumia kusoma barua zilizohifadhiwa kwenye seva, ina amri mbili za kufungua folda. Amri ya SELECT huifungua kwa kusoma na kuandika. Amri ya EXAMINE huifungua kwa kusoma tu, na lolote litakalosomwa humo haliachi alama. Vivyo hivyo ziko namna mbili za kuomba maudhui ya barua: ukiomba BODY[] katika folda iliyofunguliwa kwa SELECT, seva huiwekea barua hiyo alama ya \Seen, yaani imeshasomwa, papo hapo na bila kukuuliza; ukiomba BODY.PEEK[], seva hukupa maneno yale yale bila kugusa alama yoyote. Chombo chenu, au draiva (programu ya kiunganishi) iliyokaa kati yake na seva, kilitumia amri za aina ya kwanza. Hakikufuta wala kuharibu kitu. Kilifanya kile ambacho kingetokea kama karani angefungua kila barua kwa mkono wake.

Alama hizo zinaweza kurudishwa. Ikiwa kumbukumbu za jaribio zinaonyesha UID (namba ambayo seva huipa kila barua katika folda) za barua zilizoguswa, msimamizi wa seva anaweza kuziondolea \Seen kwa amri ya UID STORE kwa mkupuo mmoja. Ikiwa kumbukumbu hizo hazipo, mwombe atafute barua za siku hizo ambazo hazina alama ya \Answered, kwa kuwa programu nyingi za barua huiweka alama hiyo karani anapotuma jibu kwa kitufe cha kujibu. Orodha itakayopatikana itakuwa karibu sana na ile ya wateja waliosahauliwa, na ningependa wapigiwe simu kabla hamjaendelea na jambo jingine lolote katika haya ninayoyaandika.

Sasa tuje kwenye kiini. Chombo cha kulinganisha data kimejengwa juu ya dhana kwamba pande zote mbili ni majedwali yaliyotulia, kila mstari una ufunguo wake, na ulizo likirudiwa baada ya dakika tano litaleta majibu yale yale. Kikasha cha barua pepe hakina sifa hizo. Barua mpya zinaingia wakati ulizo linaendelea, karani mmoja anahamisha barua kwenda folda nyingine, mwingine anafuta, na kichujio cha barua taka kinaondoa nyingine bila mtu kujua. Kupima kikasha cha namna hiyo moja kwa moja ni sawa na kuhesabu robota za mkonge ghalani huku wapagazi wanaingiza na kutoa: hesabu yako inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isilingane na ya mwenzako aliyehesabu robo saa baadaye. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na mengine yote yanafuata kutokana nao: kwanza chukueni nakala ya kikasha ya wakati mmoja unaojulikana, kwa njia ya kusoma tu, muiweke katika jedwali, kisha chombo chenu kilinganishe jedwali hilo na kanzidata.

Najua mliambiwa kwamba inawezekana kuunganisha moja kwa moja, na ni kweli. Ziko draiva za JDBC zinazoivika seva ya IMAP sura ya kanzidata, ambapo folda huonekana kama jedwali na kila barua kama mstari. JDBC ni utaratibu wa lugha ya programu ya Java wa kuunganisha programu na kanzidata, uliopo tangu mwaka 1997, na vyombo vingi vya kupima data vilivyoandikwa kwa Java hupokea draiva yoyote inayoufuata: unaweka faili la draiva kwenye mashine inayoendesha maulizo, unaiwasha upya huduma yake, kisha unajaza jina la klasi ya draiva, anwani ya seva, poti, jina la mtumiaji na nywila. Njia hii inafaa sana kwa siku za mwanzo, mnapotaka kuona kilichomo, kuhesabu barua za mtumaji fulani au kujiridhisha kwamba seva inafikika.

Kabla ya kulipia draiva ya aina hiyo, mwulizeni muuzaji mambo matatu na msikubali jibu la jumla jumla. La kwanza, je, inafungua folda kwa EXAMINE na kuomba maudhui kwa BODY.PEEK, au kuna mpangilio wa kuilazimisha ifanye hivyo? La pili, ulizo likiomba mistari mingi, je, maudhui ya barua na viambatisho huja pamoja, au safuwima hizo hubaki tupu mpaka uombe barua moja moja kwa namba yake? Draiva inayoleta safuwima tupu itafanya jaribio lenu lionekane limeshindwa wakati data ipo. La tatu, sharti lililoandikwa kwenye WHERE, sehemu ya ulizo inayochagua mistari, linatekelezwa na seva, au draiva inapakua folda nzima kisha inachuja yenyewe? Kwa kikasha cha miaka mingi, tofauti ya hizo mbili ni tofauti kati ya dakika na saa.

Kuhusu muunganisho wenyewe sitakaa sana. Tumieni poti 993, ambayo hufungua mawasiliano yaliyosimbwa tangu mwanzo, na muiache 143 isipokuwa msimamizi wa seva amewahakikishia kwamba inahamia kwenye usimbaji kabla nywila haijatumwa. Mkitaka kujua kama njia iko wazi, endesheni amri ya openssl s_client -connect pamoja na jina la seva na poti hiyo. Mfanye hivyo kutoka kwenye mashine ile ile inayoendesha chombo, kwa kuwa mara nyingi kompyuta ya fundi inafika kwenye seva wakati mashine ya chombo imezuiwa na ukuta wa moto wa ofisi. Cheti cha seva kikikataliwa, kiingizeni katika hazina ya vyeti vya Java kwa amri ya keytool. Kuzima ukaguzi wa cheti ili mambo yaende ni kuikabidhi nywila ya ofisi kwa yeyote atakayejiweka katikati ya njia.

Kama barua zenu ziko kwa mtoa huduma wa nje badala ya seva yenu wenyewe, huenda kikwazo chenu kilianzia kwenye nywila. Microsoft ilianza kuzima kuingia kwa jina na nywila tupu kwa njia ya IMAP katika huduma yake ya barua ya Exchange Online tarehe 1 Oktoba 2022, na Google nayo imefuata mkondo huo kwa akaunti za Workspace. Huko kwa kawaida chombo au skripti hutumia tokeni za OAuth 2.0 (ruhusa za muda zinazotumika badala ya nywila), na mipangilio hiyo hufanywa na msimamizi wa akaunti ya kampuni. Watumiaji wa Gmail wajue jambo jingine: lebo huonekana kwenye IMAP kama folda, hivyo barua moja huonekana kwenye kikasha na tena kwenye folda ya barua zote. Ukijumlisha idadi ya folda zote unapata hesabu iliyovimba.

POP3, itifaki nyingine ya kupokea barua, msiitumie kwa kazi hii. Haijui folda wala alama, na kikao chake hukifunga kikasha kwa mtumiaji mmoja hadi kiishe, kwa hiyo jaribio lenu lingeweza kuizuia programu nyingine ya POP3 kufanya kazi yake.

Turudi kwenye nakala, maana hapo ndipo pa kuweka nguvu. Skripti fupi ya Python inatosha. Maktaba ya imaplib huja pamoja na Python yenyewe, na ukifungua folda kwa kuandika readonly=True, inatuma EXAMINE badala ya SELECT. Seva ikijibu, itataja namba mbili ambazo ni lazima zihifadhiwe: UIDVALIDITY na UIDNEXT. Kila barua katika folda ina namba yake ya UID, na namba hizo hupanda tu, hazirudi nyuma wala hazitumiki mara ya pili, mradi UIDVALIDITY haijabadilika. UIDNEXT ni namba ambayo barua ijayo haitapata iliyo chini yake. Kwa hiyo mkiandika kwamba UIDNEXT ilikuwa 4128 nakala ilipoanza, basi nakala hiyo inahusu barua zenye UID kuanzia 1 hadi 4127, na barua iliyoingia sekunde moja baadaye si sehemu ya jaribio la usiku huo. Programu yenu ya usiku nayo ibadilishwe kidogo ili iandike UID ya mwisho iliyoishughulikia. Pande zote mbili zikikomea kwenye namba moja, ule utata wa barua zinazoingia katikati ya ulizo unakwisha.

Siku UIDVALIDITY ikibadilika, kwa mfano baada ya kikasha kuhamishiwa seva mpya au kurejeshwa kutoka kwenye nakala ya akiba, UID zote za zamani hazina maana tena. Ndiyo maana ufunguo wa jedwali lenu uwe jina la folda, UIDVALIDITY na UID kwa pamoja.

Kuna kishawishi cha kutumia Message-ID, kitambulisho kinachoandikwa katika kichwa cha barua, peke yake kama ufunguo, kwa sababu inaonekana kama kitambulisho kamili cha barua. Ihifadhini, kwa kuwa karani akihamisha barua kwenda folda nyingine, barua hupata UID mpya huko, na Message-ID ndiyo itakayowaonyesha kwamba ni ile ile. Lakini kanuni ya muundo wa barua pepe, RFC 5322 ya mwaka 2008, inasema barua inapaswa kuwa nayo bila kuifanya sharti lisilokwepeka, na mteja aliyetuma agizo kwa anwani yenu moja kwa moja na pia kupitia orodha ya ofisi yake ataleta barua mbili zenye Message-ID moja. Ukiifanya ufunguo wa pekee, mstari mmoja utamezwa kimya kimya, na jaribio litasema kila kitu kiko sawa.

Katika jedwali hilo la kati wekeni data ikiwa karibu na hali yake ya asili kadiri mnavyoweza: vichwa vya barua kama vilivyofika, vichwa vilivyotafsiriwa, maandishi, majina ya viambatisho, ukubwa wake baada ya kufunguliwa, na muhtasari wa SHA-256 wa kila kiambatisho, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili na kubadilika faili likibadilika hata kidogo. Msiruhusu skripti hiyo ichote namba za kontena au uzito. Hilo ni jambo ambalo ningelisisitiza hata kama ungeniruhusu kusema neno moja tu. Jaribio lina thamani pale upande mmoja haujui makosa ya upande wa pili. Ikiwa kijana aliyeandika programu ya usiku ndiye pia atakayeandika skripti ya nakala, na akachukua humo kipande kile kile cha kuchota namba, basi kosa lake litakuwapo pande zote mbili, zitalingana, na mtapata ripoti ya kijani kila asubuhi juu ya data mbovu. Mpeni mtu mwingine aiandike, na uchotaji wa upande wa jaribio uandikwe upya kwa kufuata maelezo ya kazi, bila kufungua msimbo wa programu ya usiku.

Sasa nianze kulinganisha, na nitasema kwa kirefu kuhusu tarehe, kwa sababu ndizo zinazozalisha tofauti nyingi za bandia. Barua moja ina tarehe mbili. Ya kwanza, Date, imeandikwa na kompyuta ya mtumaji kwa saa za kwake. Ya pili, INTERNALDATE, kwa kawaida ni wakati seva yenu ilipoipokea. Mteja wa China akituma agizo tarehe 2 Machi saa 03:10 kwa saa za huko, kichwa kitaandika +0800, na kwa saa za Tanga, ambazo ni +0300, hiyo ni saa 22:10 ya tarehe 1 Machi. Kama kanzidata imehifadhi tarehe bila kubadilisha saa, agizo hilo liko siku moja mbele. Amueni tangu mwanzo kwamba kanzidata inahifadhi tarehe ipi kati ya hizo mbili na kwa saa za wapi, kisha ulizo la upande wa barua lifuate uamuzi huo. Vilevile, sharti la SINCE katika amri ya SEARCH ya IMAP hutazama siku tu na hupuuza saa na ukanda wake. Ukitaka barua za kuanzia saa 18:00 ya jana, chukua za jana zote kisha chuja katika SQL. Mwenye kutumia tarehe ya kuandikwa barua atumie SENTSINCE.

Na humu ndani ya maandishi ya barua kuna saa yetu wenyewe. Mteja wa Muheza au wa Pangani akiandika kwa Kiswahili kwamba lori litafika getini saa 3 asubuhi, anamaanisha 09:00, na programu iliyotengenezwa kwa mazoea ya Kiingereza itaandika 03:00. Wakala wa meli akiandika kwa Kiingereza, 3 ni 3 kweli. Ulizo linalotafuta maagizo yote ambayo saa ya kufika mzigo iko kati ya 00:00 na 05:59, halafu likaangalia kama maandishi ya barua yana maneno asubuhi, mchana, jioni au usiku, litawafichulia kosa hilo kwa urahisi kuliko kulinganisha mstari kwa mstari.

Herufi nazo zina mtego wake. Mada ya barua ikiwa na herufi zisizo za kawaida, au programu ya mtumaji ikiamua tu kufanya hivyo, husafiri ikiwa imevishwa vazi jingine: neno Mkonge linaweza kufika likiwa limeandikwa =?UTF-8?B?TWtvbmdl?=, na chombo kikilinganisha maandishi hayo na neno lililomo kwenye kanzidata kitaripoti tofauti isiyokuwapo. Kwa hiyo hifadhi mada zote mbili, iliyofika na iliyotafsiriwa, na ulinganishe ya pili. Viambatisho navyo husafiri kwa mfumo wa base64, ambao huongeza ukubwa kwa takribani theluthi moja, hivyo faili la PDF la megabaiti 3 huonekana kwenye seva kama megabaiti 4 na ushei. Linganisheni ukubwa baada ya kufungua, au muhtasari wa SHA-256, ambao hauna ubishi. Na ikiwa mtu atachukua barua kutoka kwenye diski ya seva badala ya kupitia IMAP, ajue kwamba kwenye diski za Linux mistari mara nyingi huishia kwa alama moja na kwenye IMAP kwa alama mbili, hivyo muhtasari wa barua nzima hautalingana ingawa hakuna neno lililobadilika.

Baada ya kulinganisha pande mbili, fanyeni majaribio ambayo hayahitaji upande wa pili. Kwa kazi yenu mnayo mawili mazuri sana.

La kwanza ni namba za kontena. Chini ya kanuni ya ISO 6346, tarakimu ya mwisho ya kila namba ni ya ukaguzi. Kila herufi ina thamani yake, kuanzia A ambayo ni 10, na thamani za 11, 22 na 33 zinarukwa. Kila alama kati ya kumi za mwanzo inazidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512. Jumla inagawanywa kwa 11 na kinachobaki ndiyo tarakimu ya ukaguzi, na kikibaki 10 huandikwa 0. Chukua CSQU3054383. Herufi C ni 13, S ni 30, Q ni 28 na U ni 32. Zikizidishwa kwa 1, 2, 4 na 8 zinatoa 13, 60, 112 na 256. Tarakimu 3, 0, 5, 4, 3 na 8 zinatoa 48, 0, 320, 512, 768 na 4096. Jumla ni 6185, na ukigawanya kwa 11 inabaki 3, sawasawa na tarakimu ya mwisho. Hesabu hii inaandikika katika SQL, na itawakamatia kontena ambayo mteja ameandika herufi O mahali pa sifuri, au ambayo programu imekata tarakimu moja kwa sababu mstari wa barua ulivunjika katikati ya namba. Namba ikiwa mbovu katika barua yenyewe, kosa ni la mteja. Ikiwa nzima katika barua na mbovu katika kanzidata, kosa ni lenu. Jedwali la kati ndilo litakalowaambia ni lipi kati ya hayo.

La pili ni uzito wa mkonge. Robota la kawaida la kusafirisha nje lina kilo 250, kwa hiyo agizo la robota 100 ni kilo 25,000. Mnunuzi wa Ujerumani ataandika 25.000, kwa kuwa huko nukta ndiyo inayotenganisha maelfu, na programu isiyolijua hilo itahifadhi kilo 25 bila kulalamika. Idadi ya robota ikizidishwa kwa 250 na kulinganishwa na safuwima ya uzito, huku mkiacha nafasi ndogo ya tofauti kwa robota zisizotimia, kosa hilo haliwezi kujificha hata usiku mmoja.

Limebaki swali gumu zaidi katika yale uliyouliza, la kujua kama mnachokipima ndicho cha kweli. Nakala ya kikasha inaonyesha barua zilizokuwamo wakati wa kunakili. Haionyeshi barua iliyofika saa 10 jioni na kufutwa kwa bahati mbaya saa 11, wala iliyotupwa kwenye folda ya barua taka. Kwa hizo shahidi ni kumbukumbu za seva. Kama seva yenu inatumia Postfix, programu ya kupokea na kusambaza barua, kila barua inayopokelewa huandikwa humo ikiwa na namba ya foleni pamoja na Message-ID yake, na baadaye mstari wenye namba ile ile ya foleni unaoonyesha kama ilikabidhiwa kwa mpokeaji. Chukueni Message-ID za siku zilizokabidhiwa kwenye anwani ya maagizo, muziweke katika jedwali la pili, kisha chombo kilinganishe pande tatu: zilizopokelewa na seva, zilizomo kwenye folda zote, barua taka ikiwamo, na zilizomo kwenye kanzidata. Barua iliyomo katika ya kwanza na kukosekana katika nyingine mbili ilifutwa; iliyomo katika mbili za mwanzo na kukosekana kwenye kanzidata ilirukwa na programu ya usiku. Mkitegemea huduma ya nje, msimamizi wa akaunti anaweza kupata orodha inayofanana na hiyo katika ukurasa wa kufuatilia barua.

Kuhusu ruhusa, fungueni akaunti maalumu kwa ajili ya jaribio, wala msitumie nywila ya karani. Seva zinazofuata RFC 4314, kanuni ya haki za kutumia folda za IMAP, programu ya seva ya Dovecot ikiwa mojawapo, zinaweza kuipa akaunti hiyo haki mbili tu juu ya kikasha cha maagizo: l, ya kuiona folda, na r, ya kusoma. Ikikosa s, haiwezi kubadilisha alama ya \Seen. Ikikosa w, haigusi alama nyingine. Ikikosa t na e, haiwezi kufuta. Hapo hata draiva ikitumia SELECT na BODY[] kwa ukaidi, seva yenyewe itakataa kubadilisha alama, na makarani hawataona tofauti yoyote asubuhi.

Jedwali la kati litakuwa limebeba majina ya wateja, namba za simu, namba za mlipakodi na hati zilizoskaniwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalihusu kama inavyoihusu kanzidata yenu kuu. Likae kwenye seva ya ofisi, lisinakiliwe kwenye kompyuta mpakato ya mtu yeyote, na maandishi ya barua yafutwe baada ya muda mtakaokubaliana. Kwa maoni yangu mwezi mmoja unatosha kuchunguza tofauti yoyote. Vichwa, UID na mihtasari ya SHA-256 vinaweza kubaki kwa muda mrefu zaidi. Kabla ya kufuta chochote, hakikisheni kwamba tofauti zote za mwezi huo zimeshafungwa na kuandikiwa sababu yake, ikiwa ni kosa la mteja, la programu au la mpangilio wa jaribio lenyewe.